Saini ya mtoto, presha ya mama

Katika familia nyingi mkataba wa kazi husomwa mara moja tu, nayo ni siku ugomvi unapoanza. Kabla ya hapo hukaa ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Fedha ya kusainia imeshapokelewa, bati zimeshapigwa, nani ana haja ya kusoma tena?

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Nyasho, mjini Musoma. Kijana wao, kiungo mwenye miaka 22, alisaini miaka miwili na klabu ya mkoa mwingine. Mama yake anauza samaki Mwigobero. Kwa fedha ile ya usajili nyumba iliezekwa, na mdogo wake wa kike akarudi shule. Mshahara uliingia kila mwezi. Wakati mwingine ulichelewa siku chache, lakini uliingia.

Mwaka wa kwanza haujaisha, simu zikaanza. Mtu aliyejitambulisha kama wakala alimwambia kuna klabu kubwa inamtaka, kwa mshahara mara tatu ya ule. Kikwazo ni mkataba tu, na dawa yake ni ndogo.

"Goma. Usiende mazoezini. Wakichoka watakuuza. Humjui Fei Toto?"

Kijana akawaaga viongozi kwamba ana malaria, akapanda basi kurudi nyumbani.

Mfano uliosimuliwa nusu

Kisa cha Feisal Salum, maarufu Fei Toto, kinajulikana na kila mpenda soka nchini. Desemba 2022, akiwa na mkataba na Yanga hadi Mei 2024, kiungo huyo kutoka Zanzibar aliweka Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu na kuaga. Sh100 milioni zilikuwa za kuvunja mkataba na Sh12 milioni zilikuwa mshahara wa miezi mitatu. Yeye aliamini amefungua mlango kihalali. Yanga ilikataa. Januari 2023, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba uamuzi upitiwe upya, akagonga mwamba tena.

Ugomvi haukubaki ofisini. Mama yake mzazi alisikika kwenye vyombo vya habari akimtetea mwanawe, na maneno ya ugali na sukari yakageuka utani wa vijiweni nchi nzima. Juni 5, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika Yanga Ikulu kuwapongeza kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na hapo akawataka viongozi walimalize jambo hilo. Siku chache baadaye Yanga ikatangaza kumuuza Azam FC.

Ukilisikia juu juu, utasema aligoma akapata. Na kweli alipata: msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi, akazidiwa na Stephane Aziz Ki pekee.

Nusu ya pili ya kisa ndiyo ambayo mtu wa simu hakuisimulia. Kati ya Desemba na Juni ile, Fei Toto hakucheza mechi hata moja ya Yanga. Wenzake walitwaa ubingwa wa ligi na kucheza fainali mbili dhidi ya USM Alger bila yeye. Na pamoja na jina lake lote, mlango ulifunguka baada ya neno la mkuu wa nchi. Kijana wa Nyasho, ambaye hata majirani wa mtaa wa pili hawamjui, nani atamsemea Ikulu?

Wapo walioshinda. Mwaka 2020 Bernard Morrison aliondoka Yanga kwenda Simba, na Yanga ikadai bado ana mkataba nayo. TFF ilimpa haki Morrison, na Novemba 2021 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) nayo ikamuunga mkono. Lakini Morrison hakushinda kwa kujificha. Kilichombeba ni karatasi: mkataba ambao klabu iliutegemea ulionekana kuwa na mapungufu.

Wenzetu wa Marekani

Mtu wa simu alikuwa na mfano mwingine, wa kikapu. Alisema Marekani nyota akitaka kuhama anasema tu, anahamishwa. Watanzania wanaifahamu ligi ile ya NBA tangu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies.

Ni kweli kwamba huko mikataba mingi imehakikishiwa malipo. Mchezaji akiumia au akiachwa, fedha zake zipo. Ni kweli pia kwamba nyota wakubwa huitumia nafasi hiyo kuzisukuma klabu ziwauze kabla ya muda. Lakini hata huko kuna bei. Januari 2019 Anthony Davis alitozwa faini ya dola 50,000 baada ya wakala wake kutangaza hadharani kwamba anataka kuondoka New Orleans. Ben Simmons aligoma kuichezea Philadelphia msimu wa 2021/22. Alisema hayuko sawa kiakili, klabu ikamkata mamilioni ya dola za mshahara, na alipohamishiwa Brooklyn Februari 2022 hakucheza mechi hata moja iliyobaki ya msimu ule.

Halafu kuna tofauti nyingine. Kwenye NBA klabu mbili hubadilishana wachezaji pamoja na mikataba yao. Kwenye soka klabu mpya hulipa ada ya uhamisho, na bila makubaliano ya klabu ya zamani mchezaji hukaa nyumbani. Mwenye dola milioni 30 anaweza kukaa nyumbani. Anayetegemewa kulipa ada ya shule ya mdogo wake hawezi.

Kipimo hakina malaria

Siku ya tatu nyumbani, mama alimchukua kijana hadi zahanati. Kidole kikatobolewa, kipimo kikasubiriwa. Hakikuonyesha malaria.

"Baba," mama akamwambia njiani, kama akina mama wengi wa kule wanavyowaita watoto wao wa kiume, "kama siyo malaria, unaumwa nini?"

Kijana akasema amechoka tu. Lakini alikuwa halali. Usiku alikuwa anasikika anatembea uani na simu mkononi. Chakula alikuwa anakigusa na kukiacha. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha hofu, lakini hofu huutafuna mwili vilevile: moyo huenda mbio, usingizi hukatika, hasira huwa karibu. Na kwa mwanamichezo kuna hasara ya ziada. Wiki mbili hadi nne bila mazoezi zinatosha pumzi kuanza kupungua, na kuirudisha huchukua muda mrefu kuliko kuipoteza.

Aliyeanguka, hata hivyo, hakuwa yeye. Mama yake ana presha kwa miaka sita. Alipoupata ukweli kutoka kwa mdogo mtu, aliacha kwenda kliniki, dawa zikaisha, asijisumbue kufuata nyingine. Asubuhi moja akaishiwa nguvu sokoni, katikati ya ndoo za sato. Kipimo kilisoma 170 kwa 100, wakati 140 kwa 90 tayari ni presha ya juu. Muuguzi alimwambia jambo ambalo wagonjwa wengi hawapendi kulisikia: dawa ya presha haingoji matatizo ya nyumbani yaishe. Humezwa kila siku, mwenye furaha na mwenye huzuni.

Kijana alisimama mlangoni akasikiliza yote. Jioni ile ndipo aliposema, "Mama, naomba twende kwa mjomba."

Mjomba asoma mkataba

Mjomba ni mwalimu wa sekondari Bunda. Aliitoa karatasi kwenye bahasha, akavaa miwani, akaisoma kurasa zote kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote wa familia ile kuisoma hadi mwisho.

Kulikuwa na mshahara, muda, na wajibu wa mchezaji kuhudhuria mazoezi. Adhabu ya utoro ilikuwa makato ya mshahara. Hakukuwa na kipengele cha bei ya kuvunja mkataba. Hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema nani atamtibu akivunjika mguu, na atalipwa kwa muda gani.

"Hapa ndipo ulipogongwa," mjomba akasema, akigonga karatasi kwa kidole. "Siyo leo. Siku ile ya kusaini, fedha ilipowekwa mezani tukapiga vigelegele."

Mjomba alikuwa amezitafuta pia kanuni za Shirikisho la Mpira wa Miguu Duniani (FIFA). Mchezaji anaweza kuvunja mkataba akiwa na sababu ya haki. Klabu isipomlipa mishahara angalau ya miezi miwili, anaiandikia na kuipa siku 15, na isipolipa anaweza kuondoka. Na kwa watu wa Mara hilo si jambo la mbali, kwani wanajua klabu inavyoweza kukwama. Oktoba 2021 Biashara United iliifunga Al Ahli Tripoli mabao 2-0 Dar es Salaam, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano, na msimu huohuo ikashuka daraja. Anayeachwa bila mshahara katika hali ya namna hiyo ana haki ya kudai.

Lakini anayeondoka bila sababu ya haki huweza kudaiwa fidia, na akiwa ndani ya miaka ya mwanzo ya mkataba huweza kufungiwa miezi minne.

"Na mguu ukivunjika kesho?" kijana akauliza. "Mjomba, mpira ni miaka kumi. Mara tatu ya mshahara, naiacha ipite?"

Mjomba hakuwa na jibu. Alifunga bahasha, na Jumamosi wakapanda gari la Butiama.

Hamu na kesi

Babu aliwapokea chini ya mwembe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili.

"Mshahara wako wameula?"

"Hapana, babu."

"Wamekunyima kucheza?"

"Hapana. Nacheza kila mechi."

"Basi huna kesi, mjukuu wangu. Una hamu. Kutamani kikubwa si kosa. Lakini kesi hupelekwa kwa hakimu, na hamu hupelekwa kwa mwenyewe, ukakae naye ukaombe."

Kisha akakumbusha habari ambayo wazee wa kijiji kile wanaijua. Mwaka 1955, Julius Nyerere alitakiwa kuchagua kati ya kufundisha Pugu na siasa. Aliandika barua ya kujiuzulu, akaacha mshahara, akarudi nyumbani kwa muda. Hakujifanya mgonjwa, wala hakuwaacha wanafunzi wakimsubiri darasani.

Kijana alirudi kwenye klabu yake wiki ile ile. Aliwaambia viongozi ukweli, akakabidhi barua aliyoandika na mjomba. Katika barua hiyo aliomba klabu nyingine ikija na ofa rasmi isikilizwe, na kiwekwe kipengele cha matibabu. Alikatwa mshahara kwa siku alizotoroka. Kipengele cha matibabu kilikubaliwa. Ofa rasmi haikuja. Mtu wa simu, aliposikia kijana yuko mazoezini, aliacha kupokea. Dirisha la usajili likafungwa.

Labda klabu ile kubwa ilikuwepo kweli, na kijana amepoteza nafasi ambayo haitarudi. Hilo linamuuma, na ana haki ya kuumia. Lakini anacheza, analala, na mkataba wake ukiisha atakuwa huru kuzungumza na yeyote. Presha ya mama yake imeshuka tangu aliporudi kwenye dawa.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameitwa kusaini, uwe mpira, kikapu au kazi ya ndani ughaibuni, nguvu yenu iko mezani kabla ya kalamu kugusa karatasi. Siku hiyo wanamtaka, na watasikiliza. Ombeni siku mbili za kusoma. Mpelekeeni mtu anayejua kusoma mikataba. Ulizeni: akiumia nani anamtibu? Mshahara ukichelewa tunafanya nini? Akipata pazuri zaidi, anatoka kwa bei gani? Nakala ibaki nyumbani.

Na aliyekwisha kusaini, akiona moyo umehama, aseme mapema, aseme kwa barua, na aendelee kwenda kazini. Zaidi ya hapo, amwambie mama yake ukweli kabla mama hajaupata kwa watu wengine.