Kusoma Kabla ya Kutunga

Katika Kiswahili neno moja hutumika kwa kazi mbili: mshairi hutunga shairi, na mtaalamu wa kompyuta hutunga programu. Wenzangu wengi huliona jambo hilo kuwa sadfa tu ya maneno. Mimi niliyesomea fasihi chuoni, kisha nikakabidhiwa somo la TEHAMA katika shule ya msingi huko Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, naliona kuwa msaada mkubwa katika ufundishaji.

Hakuna mwalimu wa fasihi amwambiaye mtoto atunge shairi kabla hajasomewa hata moja. Mtoto husikiliza, hukariri, huhesabu mizani na kutafuta vina. Ndipo hushika kalamu. Katika programu twafanya kinyume. Siku ya kwanza amri huandikwa ubaoni, wanafunzi hunakili, na aliyenakili bila kosa hupewa alama zote. Tena mahali ambapo kompyuta moja hungojewa na darasa zima, mtoto hupata dakika chache tu za kuigusa. Akizimaliza kwa kunakili, amezipoteza.

Kwa hiyo mimi huanza na kusoma, na kwa kusoma hakuhitajiwi umeme. Huandika ubaoni programu fupi kwa maneno ya kawaida, kama hii ya kuhesabu machungwa:

Jumla iwe 0.
Rudia mara 4:
– pokea idadi ya machungwa ya tenga moja;
– iongeze kwenye jumla.
Tangaza jumla.

Mtoto mmoja huisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Wa pili ndiye “jumla”: hushika kibao na chaki, akifuta na kuandika upya. Wanne huwa matenga, yenye machungwa 120, 90, 150 na 100. Mwishoni “jumla” husimama na kutangaza 460. Kisha nausogeza mstari wa mwisho uingie ndani ya marudio, na kuwauliza watasikia nini sasa. Hapo ndipo fasihi inapofaa. Waliokwisha kusoma shairi la tarbia wajua kwamba kibwagizo hurudi katika kila ubeti. Kingewekwa mwisho wa shairi zima, kingesikika mara moja tu. Basi hujibu, kabla ya kuijaribu programu yenyewe: 120, 210, 360, 460. Amri ni ile ile. Mahali pake ndipo palipobadili maana. Sheikh Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 hakuwa na kompyuta akilini, lakini mtoto aliyezoea kuhesabu mizani 8 kwa 8 hashangai akiambiwa kwamba umbo lina sheria.

Swali la pili la fasihi ni hili: nani anamwambia nani? Donald Knuth, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba programu yafaa itazamwe kama maandishi ya fasihi, yenye kumweleza binadamu kile tunachotaka mashine ifanye. Kwa mashine ni mamoja kigeu kikiitwa “k” au “jumla ya machungwa”. Kwa msomaji si mamoja.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka, na mwalimu asiuvuke. Fumbo ni pambo la shairi. Katika programu ni hasara. Mnunuzi akisema “tenga”, huenda akilini mwake ni tenga lililojazwa kwa mtindo wa lumbesa. Watoto wa wakulima wanalijua hilo kuliko mimi. Wao ndio walionidai kwamba tuhesabu machungwa, tusihesabu matenga.

Baada ya majuma kadhaa ya kusoma, huwapa programu ambayo majina yake nimeyaondoa, wayabuni wenyewe. (Wakifika kwenye mashine twatumia Scratch, ambayo maandishi yake yaweza kuwekwa katika Kiswahili, lakini majina haya huyabuni darasani.) Safari moja msichana wa darasa la sita aliiita jumla “hela ya mama”. Wengine walicheka. Mvulana mmoja akapinga kwamba jina hilo ni la uongo, kwa kuwa kilichohesabiwa ni machungwa, si shilingi. Msichana hakukubali kulifuta. Badala yake alikwenda ubaoni akaongeza mstari: zidisha jumla kwa bei. Ndipo swali likazuka: bei ipi, ya shambani hapa Kinole au ya sokoni Morogoro mjini? Programu ikapata vigeu viwili vya bei na hela mbili za mama, na kengele ikalia wakiwa bado wanabishana itangazwe ipi.