Msiba Usio na Matanga

Sisi Wajaluo wa ukingoni mwa Ziwa Viktoria tunajua kuomboleza. Mzee akifa, wanaume huswaga ng'ombe na kushika mikuki kwenda kukifukuza kifo, desturi ya tero buru, na jamaa hufika kutoka Nairobi kwa mabasi ya usiku. Ila mtoto akituondokea angali hai, haji mtu kutoa pole.

Wangu alikuwa na sauti nyembamba ya kwaya. Ikaanza kumvunjikia katikati ya neno: anaanza juu, anaporomoka, kisha anajifanya anakohoa. Ni homoni, kikoromeo kinapanuka na nyuzi za sauti zinarefuka na kuwa nene. Sauti ile ya zamani haipo tena popote. Hatukuwahi hata kuirekodi. Chunusi na ndevu sikuzijali. Kilichoniuma ni haya iliyomwingia: akawa anafua kaptula zake kabla sijaamka, na mafuta ya mgongoni hataki nimpake.

Zamani upotevu huu wa utoto ulikuwa na mahali pake. Vijana, wavulana kwa wasichana, waling'olewa meno sita ya chini, na kila mtu akaliona pengo. Wasichana walilala siwindhe, nyumbani kwa bibi, wakisikia yale ambayo mama hayasemi. Mvulana alitoka nyumba ya mama, na baadaye akajenga simba, nyumba yake mwenyewe, karibu na lango la boma. Meno yabaki kinywani, hilo silililii. Naililia nyumba ya bibi. Mwaka 2008 wavulana wa Nyanza walianza kutahiriwa bure kupunguza maambukizi ya VVU, baada ya utafiti uliofanyika papa hapa Kisumu. Ni kazi njema ya afya. Lakini muuguzi akishafunga bandeji anamwita anayefuata kwenye foleni, na kuketi na kijana si kazi yake.

Na kabla ya hapo, ile miaka ya tisini, UKIMWI uliyaingia maboma yetu. Wako waliobalehe mikononi mwa bibi aliyekwisha kuzika wanawe. Msichana aliyeona damu yake ya kwanza matanga ya mama hayajaanuliwa, angemwambia nani? Waombolezaji walijaa uani, na wote walikuja kwa ajili ya ule msiba mwingine.

Leo katika mitaa ya Nyalenda na Obunga, hapa Kisumu, familia nyingi zinaishi chumba kimoja, na simba haina pa kusimama. Leso inatundikwa katikati ya chumba. Isipotosha, mvulana anahamia kwa rafiki aliyepanga, na huko anafundishwa na yeyote aliyepo.

Wangu nimemwombea kitanda kwa mjomba wake, mtaa wa Migosi. Mwanangu amekubali kwa kutikisa kichwa. Kisha akauliza kama Jumapili anaweza kuja kula samaki. Nikamwambia aje, na nguo chafu alete.

"Nguo nitafua mwenyewe, mama."