Wasifu wa Mgonjwa, Tawasifu ya Muuguzaji

Filamu ya The Theory of Everything (2014), iliyoongozwa na James Marsh, huhesabiwa kuwa wasifu wa Stephen Hawking, mwanafizikia wa Cambridge. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 21, Hawking aliambiwa kwamba ana maradhi yanayoua neva za misuli na kwamba amebakiwa na miaka miwili tu. Alifariki mwaka 2018, akiwa na miaka 76.

Hata hivyo, chimbuko la filamu hiyo ni tawasifu ya Jane, mkewe wa kwanza, iliyochapishwa mwaka 2007. Hapa ndipo penye suala la kifani: nafsi ya kwanza ya kitabu imegeuzwa nafsi ya tatu ya kamera, na aliyekuwa msimulizi amekuwa mhusika. Felicity Jones anamwigiza Jane kwa ustadi. Uchovu wa kulisha, kuvisha na kulea watoto watatu unaonekana usoni pake, lakini hausimuliwi naye.

Hawking alipoteza sauti mwaka 1985, alipopasuliwa koo ili aweze kupumua. Baada ya kuitazama filamu, aliruhusu itumie sauti ya kompyuta yake mwenyewe. Hivyo, aliyenyang'anywa sauti na maradhi anasikika kwa sauti yake, ilhali aliyeandika kitabu kizima anasemewa. Mhakiki atakayeishia kwenye filamu atamjua mgonjwa. Anayemtafuta muuguzaji hana budi kukirudia kitabu.