Alikimbia, Lakini Haikuhesabiwa

Wasee, leo tuongee kuhusu Jyothi Yarraji. Kama humjui, si ajabu. Sisi Wakenya tukisikia mbio za viunzi, akili inaenda moja kwa moja kwa zile mita 3000 zenye maji. Huyu dada anatoka Visakhapatnam, India, na anakimbia mita 100 akiruka viunzi kumi. Babake amefanya kazi ya ulinzi. Mamake amefanya usafi hospitalini na kazi kwenye nyumba za watu.

Tangu tukiwa watoto tunaambiwa: tia bidii, utaonekana. Mimi hiyo stori naiamini nusu tu, na Jyothi ndiye shahidi wangu.

Januari 2020, kwenye mashindano ya vyuo vikuu India, alikimbia sekunde 13.03. Rekodi ya taifa ilikuwa 13.38, iliyowekwa na Anuradha Biswal mwaka 2002. Yaani aliivunja ikavunjika kabisa. Lakini ikakataliwa. Kisa? Hakupimwa dawa za kuongeza nguvu, na shirikisho la riadha halikuwa na mjumbe wake uwanjani. Sasa hayo ni ya mkimbiaji kupanga?

Aprili 2022 akakimbia 13.09. Ikakataliwa tena. Upepo uliomsukuma ulikuwa mita 2.1 kwa sekunde, na mwisho ni 2.0. Mwezi uliofuata, huko Limassol, Cyprus, akapata 13.23, na hiyo ndiyo ikaandikwa rekodi. Hebu cheki vizuri: ile iliyokubaliwa ilikuwa ya polepole kuliko zote mbili zilizokataliwa.

Hapa ndipo aliponigusa. Baada ya shule nilijitolea miezi minne katika ofisi fulani mjini. Nilikuwa nafika kabla ya mwenye funguo. Nilipoomba barua ya kuonyesha nilikuwa pale, nikaambiwa jina langu haliko kwa orodha. Miezi minne, nauli ya mama, na kwa karatasi sijawahi kuwepo. Iliuma, bana. Na watu wakaniambia, "Wachana nao, Mungu anaona." Sawa, anaona. Lakini mwajiri anataka barua.

Ndiyo maana ninapenda zaidi yale aliyofanya Jyothi huko Hangzhou, Michezo ya Asia ya 2023. Fainali, Wu Yanni wa China akatoka kabla ya bunduki. Jyothi, aliyekuwa pembeni yake, naye akaambiwa ametolewa. Angeweza kuinamisha kichwa aondoke, tena mbele ya mashabiki wa nyumbani wa mwenzake. Hakuondoka. Alibaki palepale akabishana na maafisa, video ikaangaliwa, na wote wawili wakaruhusiwa kukimbia. Jyothi akamaliza wa tatu kwa 12.91. Baadaye Wu, aliyekuwa wa pili, akaondolewa, na shaba ya Jyothi ikageuka fedha.

Ile fedha, miguu peke yake haingeileta. Mdomo pia ulifanya kazi.

Na si ati baada ya hapo mambo yakawa mteremko. Kuingia Olimpiki ya Paris moja kwa moja kulihitaji 12.77. Muda wake bora ulikuwa 12.78. Aliingia kupitia orodha ya viwango, akawa Mhindi wa kwanza kukimbia viunzi vya mita 100 kwa wanawake kwenye Olimpiki, na hakufika nusu fainali. Mwaka 2025, huko Gumi, Korea Kusini, akatetea dhahabu yake ya Asia kwa 12.96.

Siku hizi nikipewa kazi, hata ya kujitolea, naomba barua siku ya kwanza. Wengine huniona mjuaji. Sawa tu. Bidii nitatia, lakini jina langu litaandikwa nikiwa bado nimesimama hapo mbele yao.