Kumbukumbu Si Hifadhi



Kwa miaka 33 nilisomesha Kiswahili katika shule za sekondari, na muda wote huo nilikuwa miongoni mwa walimu wanaomkatiza mwanafunzi katikati ya sentensi kila anapochomeka neno la Kiingereza. Sijutii. Lakini Desemba iliyopita ukali wangu huo ulinigharimu fedha za pensheni, na somo nililolipata nimeona si vyema nibaki nalo peke yangu, kwa kuwa linatuhusu sote tunaounda na kutetea istilahi.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuja kwangu likizo akiwa na mashine yake ya gemu, PlayStation 5, aliyoletewa na mjomba wake. Siku ya tatu nilimkuta mbele ya runinga amejiinamia, pedi ameiweka chini.

"Babu, imejaa," akaniambia. "Nikitaka kuweka gemu mpya, lazima nifute moja."

"Basi si uifute?"

"Nikiifuta, siku nikiitaka tena naipakua upya. Hii moja ni zaidi ya gigabaiti mia. Mama atanunua bando ngapi?"

Nilikaa kitako, akanieleza. Toleo lake la mashine, lililotoka kwa mara ya kwanza Novemba 2020, lina hifadhi ya gigabaiti 825, lakini nafasi anayoachiwa mwenye nayo ni kama 667. Gemu sita au saba kubwa, na chumba kimejaa. Kwa aliye na intaneti ya kasi isiyopimwa, kufuta na kupakua upya ni usumbufu wa jioni moja. Kwetu sisi tunaonunua data kwa vipimo, kila kitu kinachofutwa ni fedha iliyomwagwa. Alikwisha kujaribu diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya. Gemu za mashine hii zinaweza kuwekwa humo, lakini hazichezeki kutoka humo. Sharti zirudishwe ndani kwanza.

Lakini njia ipo. Watengenezaji waliacha ndani ya mashine tundu tupu, na tangu Septemba 2021 mwenye mashine ameruhusiwa kutia humo kipande cha pili cha hifadhi. Nikamwambia nitamnunulia, iwe zawadi ya kufaulu mtihani. Akaniandikia kikaratasi: "M.2 NVMe SSD, Gen 4, 1 TB, iwe na hitisinki."

Wasomaji mnaonifahamu mtakisia kilichofuata. Niliitazama sentensi ile yenye maneno mawili tu ya Kiswahili, "iwe na", nikaona haya kuituma dukani kwa jina langu. Nikaikunja, nikachukua karatasi nyingine, nikaandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Kumbukumbu ya nyongeza ya mashine, yenye kasi kubwa." Nikampa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mama mwenye biashara yake na huenda Kariakoo kufuata bidhaa.

"Mwalimu," akauliza, "kumbukumbu ndiyo memori?"

"Ndiyo," nikamjibu, tena kwa furaha, kwa kuwa amelipata neno.

Alirudi baada ya siku mbili na kasha dogo. Mjukuu alilifungua kwa pupa, kisha akanyamaza. Alikigeuza kile kipande mara mbili, akakirudisha kashani taratibu, kama mtu asiyetaka kumwudhi mzee. "Babu, ahsante sana. Lakini hii ni RAM ya laptop."

Dukani hawakukubali kukirudisha kwa kuwa kasha lilikwisha kufunguliwa, wala sikuwalaumu. Muuzaji aliuza alichoombwa. Niliyeomba vibaya ni mimi, na niliomba vibaya kwa Kiswahili sanifu.

Usiku ule sikulala mapema. Nilijiuliza ni mara ngapi nimewafundisha vijana kwamba memory ni kumbukumbu, nikafuta ubao, nikaendelea na somo, nisijue kwamba ndani ya mashine kuna vitu viwili mbalimbali ambavyo watu huviita kwa jina hilohilo. Nijitetee kidogo: mkanganyiko huu hatukuuanzisha sisi. Waingereza wenyewe huiita kadi ya simu memory card, ilhali kazi yake ni kuhifadhi. Mitaani kwetu nasi tukaipokea kama "memori", na tukisema memori ya simu imejaa tuna maana ya picha na nyimbo. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alipouliza, kichwani mwake ilikuwa hifadhi. Muuzaji aliposikia, kichwani mwake ikawa RAM. Na mimi kichwani mwangu hapakuwa na kitu, ila neno zuri.

Aliyenifafanulia tofauti ni TANESCO. Jioni ya pili umeme ulikatika ghafla, mjukuu akiwa katikati ya mchezo. Uliporudi, gemu zake zote zilikuwapo, lakini hatua alizopiga tangu alipohifadhi kwa mara ya mwisho zilikuwa zimepotea, ikambidi aanze tena kutoka hapo. "Hiyo ndiyo RAM, Babu," akasema kwa uchungu. "Umeme ukikata, yenyewe inasahau yote. Hifadhi haisahau."

Nikaelewa kwa mfano wa nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa na kihenge, na alikuwa na ungo. Nafaka ya mwaka mzima hukaa kihengeni. Ya kupika leo huteremshwa, humiminwa ungoni, hupepetwa, huchambuliwa. Upepo ukiupindua ungo, umepoteza chakula cha leo, kihenge kipo. Mashine ya mjukuu wangu ina ungo wa gigabaiti 16, unaofanya kazi kwa kasi ya ajabu na usiobakiza kitu umeme ukizimika. Huo ndio kumbukumbu. Kihenge chake ni zile gigabaiti 825. Tulichohitaji ni kihenge cha pili, nami nilinunua ungo, tena ungo wa nyumba ya jirani.

Hata kasi niliyoandika katika karatasi yangu ilipata maana. Mashine ya kizazi kilichotangulia ilihifadhi gemu katika sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kijisindano kikiifuata data popote ilipo, kama santuri. Hii mpya haina sahani wala kinachozunguka. Data hukaa kama chaji za umeme katika vyumba vidogo mno vya kipande kikavu, na hubaki humo hata umeme ukizimwa. Ndiyo maana nasitasita kuiita "diski". Gemu za sasa zimetungwa zikitegemea kwamba kihenge kitamimina ungoni bila kukawia, na watengenezaji wanashauri kipande cha nyongeza kisome data kwa megabaiti 5,500 kwa sekunde au zaidi. Kwa hiyo kila neno katika kikaratasi cha mjukuu lilikuwa na kazi yake. "Gen 4" ilitaja njia ya kupitishia data, "M.2" umbo la kipande, na "hitisinki" ni kipozajoto, bamba la chuma linalokibeba kipande ili kisiungue, ambalo unene wake pamoja na kipande usizidi milimita 11.25, la sivyo kifuniko hakifungi. Mimi nilivitupa vipimo vyote hivyo, nikaacha sifa moja: "kasi kubwa".

Mara ya pili tuliandika pamoja. Nilikubali majina yasiyo na Kiswahili yabaki yalivyo. Naye alikubali kuandika "hifadhi ya ndani" mwanzoni na "kipozajoto" mwishoni. Kipande kikaja ndicho.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko mjadala wetu wa istilahi. Tuliizima mashine kabisa, si kuilaza, tukachomoa nyaya zote, tukaiacha ipoe. Mjukuu akaliondoa bamba la ubavuni kwa mikono, nami nikashika bisibisi ya nyota. Chini yake kuna kifuniko kidogo chenye skrubu moja. Ndani mna skrubu nyingine na kipete, ambacho huhamishwa kulingana na urefu wa kipande. Chetu kilikuwa cha milimita 80. Kipande huingizwa kimeinama kidogo, kikigota hulazwa, kisha hukazwa. Mkono wangu ulitetemeka kwenye skrubu ile, ndogo kuliko punje ya mtama, hata mjukuu akanishika kiganja. "Taratibu, Babu. Usikaze sana."

Tulipowasha, kioo kikatuambia kwamba kipande kipya lazima kifanyiwe fomati, na kwamba data yote iliyomo itafutika. Nilimzuia kidole. Nilidhani kila kitu chake kinakwenda na maji. Akacheka. Kinachofutwa ni kilichomo katika kipande kipya, nacho ni kitupu. Cha zamani hakiguswi. Baada ya hapo alihamisha gemu yake kubwa kutoka kihenge kimoja hadi kingine, ikafika kabla chai yangu haijapoa. Akaniongezea jambo nisilolitarajia: hatua alizofikia katika kila mchezo hazihami. Hizo hubaki katika hifadhi ya asili ya mashine, na hata ukiifuta gemu, zenyewe hazifutiki pamoja nayo.

Nimelifikiria sana neno hili "hifadhi" tangu siku ile. Tumelizoea katika mbuga za wanyama, tukasahau linavyotumika madrasa. Mtoto anayesoma Kurani hatuambiwi kwamba anaikumbuka. Tunaambiwa anahifadhi, na akikamilisha huitwa hafidhi. Kiswahili chetu kilikwisha kupambanua. Kukumbuka ni jambo la kupita: linakujia, linaondoka. Kuhifadhi ni kazi: unarudia, unasahihishwa, unarudia tena, mpaka likae mahali ambapo usingizi na homa havilifuti. Neno la kutenganisha RAM na SSD tulikuwa nalo kabla ya umeme kufika pwani. Tulilokosa ni uangalifu.

Na hapa ndipo liliponichoma. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mimi na mwenzangu mmoja wa bweni tulijibizana kwa mashairi karibu mwaka mzima. Hatukuandika. Tulighani jioni uwanjani, yeye ubeti, mimi ubeti, na tulijivuna kwamba karatasi ni ya wasiojiamini. Baada ya chuo kila tulipokutana tulianza upya pale tulipoachia. Mwenzangu huyo alifariki mwaka juzi. Wiki ile ya mashine, mjukuu akiwa amelala, niliketi mezani na daftari kuyaandika malumbano yetu. Yangu nilipata beti 11. Yake nilipata 4, na wa mwisho hauna kibwagizo.

Nilimlaumu nani? Nilikuwa nikiita kumbukumbu kile nilichodhani ni hifadhi. Yeye alikuwa nusu ya ungo, mimi nusu, na umeme umekatika.

Beti za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, zingeweza kwenda njia hiyo. Ziliishi vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya, yeye na Mwingereza W. E. Taylor wakaziandika, na diwani ikachapishwa 1940. Tunazisoma leo kwa sababu kuna mtu aliyezitoa ungoni akazitia kihengeni.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili, ndugu zangu. La kwanza ni la istilahi: "kumbukumbu" tuiachie RAM, inayosahau, na kinachotunza tukiite "hifadhi", kiwe cha simu, cha kompyuta au cha mashine ya gemu. Na tunapotunga neno, tulijaribu kwanza kwa bisibisi mkononi. Neno linalomfanya mnunuzi alipe mara mbili halijaiva, hata likiwa na asili nzuri namna gani.

La pili ni la nyumbani. Yule mnayejibizana naye, mpigie simu leo, mwambie akusomee beti zake nawe ukiandika. Mimi nimempata dada wa marehemu. Anasema kaka yake alipenda kughani alipokuwa akimsaidia kupura mpunga, na kwamba anadhani anazo mbili tatu. Jumamosi nakwenda kwake na daftari, na mjukuu amesema atakuja kurekodi kwa simu.

Amenihakikishia kwamba hifadhi ya simu yake haijajaa.