Yaliyoandikwa Pembeni

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam notisi huitwa madesa. Nilipolisikia neno hilo mwaka wa kwanza nilidhani ni kitu kigeni, kumbe ni mali niliyotoka nayo Ifakara: karatasi za mtu aliyesoma kitabu, zilizonakiliwa na mtu ambaye hajakisoma, akapewa mtu ambaye huenda hatakisoma kamwe. Sizidharau. Nimefika shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili nikiwa nimebebwa na karatasi hizo, na anayezicheka nahisi alisoma shule yenye maktaba.

Yetu haikuwa nayo. Tulikuwa mchepuo wa HKL, darasa la watu hamsini na kitu. Nakala za Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi zilikuwa tatu, moja imenyofoka kurasa za mwisho, kwa hiyo kulikuwa na kundi zima la wanafunzi waliomwacha Yasmin njiani wasijue alifikia wapi. Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein zilikuwa mbili. Kununua maana yake ni kumwagiza mtu Dar, kitabu kije na basi kupitia Morogoro, Mikumi na Kidatu, na masika barabara ikiharibika kinalala huko huko. Halafu kuna fedha. Bonde la Kilombero wazazi wengi wanashika fedha mpunga ukishavunwa, na mwalimu hasubiri mpunga.

Tukaunda kundi la watu sita. Kila mmoja alichukua kitabu kimoja, akakisoma kwa wiki mbili, kisha jioni akatusomea alichoandika nasi tukanakili kwenye kaunta buku. Mpangilio ulikuwa umeshaamuliwa kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, wahusika, muundo, mtindo, matumizi ya lugha. Unamalizia na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, kana kwamba Ebrahim Hussein naye alikuwa anasubiri matokeo ya Baraza la Mitihani. Nilikuwa na hakika kwamba mwandishi yeyote ana falsafa moja, na kwamba inaenea kwenye mistari miwili.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa mjomba, ambaye aliwahi kufanya kazi ya kukamata mbu kwa ajili ya watafiti. Ifakara hiyo si kazi ya kushangaza. Utafiti wa magonjwa ya kitropiki ulianza pale tangu miaka ya 1950, na leo Taasisi ya Afya Ifakara inajulikana duniani kwa mbu wetu kuliko sisi tunavyojulikana kwa mchele wetu. Mjomba alikuwa na fomu: nyumba, saa, idadi. Saa ambayo hakupata mbu aliandika sifuri. Alisema vijana wapya walikuwa wanaiacha wazi sehemu hiyo, au usingizi ukiwazidi wanakisia, na msimamizi anagundua. Aliponiona nanakili falsafa ya mwandishi ambaye sijamsoma aliniuliza, "Sasa wewe, mjomba, mbu huyu umemkamata mwenyewe?"

Nilicheka, nikaendelea kunakili. Mtihani ulikuwa karibu.

Thim aliisoma rafiki yangu mmoja kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Baba yake, Mpogoro, alikuwa amefariki tukiwa kidato cha pili. Mama yake ni Mhehe. Tamthiliya ile inamhusu Martha, mjane Mkikuyu, na ukoo wa mumewe Mjaluo, Herbert, unaodai maiti izikwe kwa mila zao. Rafiki yangu alitusomea kama kawaida, hoja baada ya hoja, sauti haikubadilika. "Nafasi ya mwanamke. Amechorwa kama jasiri na mtetezi wa haki." Tukaandika.

Niliona mengine nilipoazima kaunta buku yake kujazia nilichokikosa. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, herufi ndogo, kulikuwa na maneno yasiyo na kichwa cha habari. Kwenye ugomvi wa maziko: "Sisi walitusubiri mpaka arobaini." Chini yake: "Shamba la bondeni walichukua kwanza." Na penye ujasiri wa Martha: "Mama hakwenda mahakamani. Nauli ya Mahenge ingetoka wapi?"

Niliyanakili yote, pembeni vile vile, kwa penseli vile vile. Hatukuyazungumza.

Kitu ambacho notisi zetu hazikuwa nacho, nami nikakikuta chuoni, ni kwamba Thim ina kesi ya kweli nyuma yake. S. M. Otieno, wakili wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo ukataka azikwe Nyanza. Kesi ilipanda mahakama kwa mahakama huku mwili uko mochwari, mpaka Mei 1987 ukoo uliposhinda. Tamthiliya ikachapishwa 1988. Nilipolisoma hilo nilimfikiria rafiki yangu. Bila mwalimu wala maktaba alikuwa ameiweka tamthiliya mahali pake, kwenye ardhi na nauli, wakati sisi watano tuliishia kwenye "jasiri".

Mwaka huu mwezi wa tatu nilikuwa nyumbani naandika pendekezo la utafiti. Mtoto wa mama mdogo, aliye kidato cha sita, akaniomba, "Dada, nisaidie madesa ya Thim." Kabla sijajibu akanionyesha aliyopata kwenye kundi lao la WhatsApp. Yalikuwa yetu. Mtu aliyachapa miaka ile, yakazunguka, yakarudi. Herbert amekuwa Hubert. Hoja zimepangwa vizuri kuliko tulivyozipanga sisi. Ya pembeni hayapo hata moja, na simlaumu aliyechapa. Hayatoki kwenye mtihani.

Nilikuwa nayo, sandukuni. Lakini kumpa mtu notisi ni jambo moja, na kumpa msiba wa mtu mwingine ni jambo jingine. Na mdogo wangu alikuwa amebakiza wiki chache aingie chumba cha mtihani. Si wakati wa kumhubiria kuhusu kusoma.

Kitabu nilikuwa nacho. Tukakisoma shambani, juu ya dungu, tunalinda mpunga dhidi ya ndege. Yeye alikuwa Martha, mimi nikawa wengine wote, na kila baada ya kurasa mbili tatu tunasimama kupiga debe. Tulikigawa kila ukurasa wa daftari mara mbili. Kushoto hoja za mtihani, maana bila hizo hafaulu na mimi sitaki mchezo na hilo. Kulia aliandika alichokiona mwenyewe pamoja na namba ya ukurasa, na asipoona kitu anaandika sifuri. Siku ya kwanza zilikuwa sifuri nyingi. Siku ya pili aliuliza kwa nini ndugu wa mume wana mengi ya kusema kuhusu maiti kuliko walivyokuwa nayo kuhusu mgonjwa. Nikamwambia aandike hivyo hivyo.

Jioni hiyo nilimpigia rafiki yangu. Sasa ni mwalimu, huko huko bondeni. Nilipomsomea maneno yake alinyamaza kidogo, kisha akacheka: "Kumbe wewe ulinakili na hayo!" Nilimwomba ruhusa ya kumpa mdogo wangu. Akasema nimpe, ila jina lisiandikwe. Akaongeza kwamba shamba bado liko kwao wale, na kwamba yeye darasani kwake ana nakala nne kwa wanafunzi arobaini na tatu, kwa hiyo nikishapiga picha kurasa hizo nimtumie na yeye.

Nilizipiga usiku ule kwa taa ya sola, penseli imefifia kiasi kwamba baadhi nilirudia kwa kalamu. Mdogo wangu alizipeleka kwenye kundi lao pamoja na daftari lake la pande mbili, na Hubert akamrudishia jina lake. Kuna aliyeuliza kama ya pembeni yatatoka kwenye mtihani. Alimjibu kwamba hajui, ila ayaandike tu.