Kocha Siang'a Alipougua, Msimbazi Hatukusikia

Mwaka 2003 aliyetaka habari za James Siang'a hakuhangaika. Alifika Mtaa wa Msimbazi, akasimama mbele ya meza ya magazeti, akasoma vichwa vya habari bila kutoa hata senti. Mimi nilikuwa kijana wa mezani, karibu na jengo la klabu ya Simba. Alfajiri nilitundika magazeti ya michezo kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na jina la kocha huyo Mkenya lilikuwa halikosekani. Amefoka mazoezini, limeandikwa. Amecheka, limeandikwa. Amemweka mtu benchi, basi kijiwe cha kahawa hakikaliki mpaka adhuhuri.

Na alistahili. Zamalek ya Misri walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ikawafunga 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 Cairo, wakapigiana penalti. Kipa wetu Juma Kaseja akazipangua, Simba ikapita 3-2 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa pamoja na Enyimba, ASEC na Ismaily. Asubuhi yake magazeti yaliisha mapema mno. Wapo walionunua mawili, moja la kusoma na moja la kuweka kabatini. Siang'a mwenyewe alikuwa kipa enzi zake, aliidakia Kenya kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika za 1972 kule Cameroon, kwa hiyo hapo kijiweni kila aliyezieleza penalti za Cairo alianzia kwenye mikono ya kocha. Mzee mmoja muuza kahawa alikuwa akisema, "Kipa kafundishwa na kipa, mlitegemea nini?" Sikuwahi kusikia uchambuzi uliomzidi.

Alifundisha pia Taifa Stars, na kwao Harambee Stars na Gor Mahia. Halafu akaondoka, kama makocha wanavyoondoka, na kamba yangu ikabeba majina mengine.

Kuugua kwake kulitufikia kwa vipande. Abiria aliyeshuka basi la Nairobi anasema kocha wenu wa zamani yuko kwao, hali si nzuri. Baadaye unakuta aya mbili kurasa za ndani, chini ya tangazo, bila kuambiwa nani anamuuguza wala anahitaji nini. Kisha kimya. Septemba 2016 simu zikaanza kulia pale mtaani: Siang'a amefariki Bungoma, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kesho yake nikamwona tena kwenye kamba: Zamalek, Kaseja, penalti. Mzee wa kahawa aliposomewa habari aliweka birika chini. "Kumbe aliugua siku zote hizo? Sasa hiyo pole tungempa nani?"

Swali hilo nimekaa nalo. Mei 2018 Sir Alex Ferguson alivuja damu kwenye ubongo, akapasuliwa katika hospitali ya Salford. Vijana wa Mtaa wa Kongo waliovaa jezi za Manchester United walijua siku aliyotoka chumba cha uangalizi maalumu. Siwalaumu, mgonjwa ni mgonjwa popote alipo. Lakini angalia ile habari ilivyotufikia: klabu iliyoachana naye kama kocha miaka mitano nyuma ndiyo iliyotoa taarifa, ikaomba familia iachiwe faragha, dunia nzima ikanukuu. Kwetu mkataba ukiisha na undugu umeisha. Mwandishi hana wa kumpigia simu, na nauli ya kwenda kumjulia hali mgonjwa Bungoma hapewi, ingawa ya kufuata mechi hupatikana.

Sitetei ile tabia ya kuingia wodini na kamera na kumpiga mtu picha akiwa na shuka kifuani, mbavu nje, ili gazeti linunuliwe. Hizo nimezitundika pia, na nimeona ndugu wa wagonjwa wakigeuza uso wakipita. Ninachokitaka ni habari iliyoandikwa kwa idhini ya mwenyewe: yuko wapi, anaendeleaje, mchango upelekwe kwa nani. Januari 2024 kocha Sven-Göran Eriksson alitangaza kwa kinywa chake kwamba saratani haikumwachia muda mrefu. Machi alikaa benchi la wakongwe wa Liverpool pale Anfield, uwanja mzima ukamwimbia, na Agosti akafariki. Makofi yake aliyasikia. Wanachama wa Msimbazi tungeweza kumpigia Siang'a makofi ya namna hiyo, hata kwa barua, hata kwa kaseti.

Desemba 2018 Simba iliitoa Nkana ya Zambia, ikarudi hatua ya makundi kwa mara ya kwanza tangu 2003. Vijana waliokuwa wachanga wakati wa Zamalek walikuja mezani kuniuliza Siang'a alikuwa nani. Magazeti ya wiki ile yalimweleza vizuri, kwa heshima, na picha yake akiwa mzima. Habari ile ile, kwa urefu ule ule, ingeweza kuandikwa miaka mitatu kabla, na mtu mmoja akapanda nayo basi la Nairobi, akaunganisha hadi Bungoma, akamsomea.